Liverpool: ndege, ini au tope? Maana ipi ya jina uichukue

Mashabiki wa soka wa Bongo wameipa Liverpool majina mawili. Anayeipenda anaiita Majogoo wa Jiji, kwa ajili ya yule ndege aliye kwenye nembo kifuani mwa jezi. Anayetaka kuichokoza, hasa timu ikiwa imefungwa wikendi, anaiita Bwawa la Maini: liver ni ini, pool ni bwawa, kazi imekwisha. Wote wawili wanatania, lakini bila kukusudia wamegawana maelezo mawili ya jina la mji ambayo yanazunguka hadi huko Uingereza kwenyewe. Wapo wanaoapa kwamba mji ulipewa jina la ndege. Wapo wanaoshikilia ini. Nyuma yao wanafuata watu wa matete, watu wa mikunga (wale samaki warefu kama nyoka) na watu wa Kiwelisi. Pembeni kabisa wameketi wataalamu wa majina ya mahali, ambao wengi wao hujibu kwa maneno machache: hori lenye maji mazito.

Basi anayetunga maswali ya chemshabongo, anayeandika makala ya michezo, au mzazi aliyeulizwa na mwanawe, hana budi kuchagua. Mimi nasimama na maji mazito, na nitaeleza kwa nini. Nitasema pia jambo ambalo mashabiki wa Liverpool hawatalipenda: kati ya yale majina mawili ya kijiweni, la dhihaka limeukaribia ukweli kuliko la sifa.

Vipimo kabla ya hadithi

Jina la mahali halipimwi kwa utamu wa hadithi. Unatazama lilivyoandikwa mara ya kwanza, unatazama kama neno unalodai ndiyo asili yake lilikuwepo wakati huo, kisha unaitazama ardhi yenyewe. Maelezo yakishindwa hata kipimo kimoja kati ya hivyo, yanabaki kuwa ngano.

Liverpool inaonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza miaka ya 1190, ikiandikwa Liuerpul. Hiyo u ya katikati isikusumbue, maana waandishi wa zama hizo walizitumia u na v kwa kubadilishana. Kabla ya hapo kimya. Mfalme William alipoandikisha ardhi na mali za Uingereza mwaka 1086, majirani kama West Derby na Toxteth walitajwa, Liverpool haikutajwa. Mji wenyewe ulianzishwa kwa amri: tarehe 28 Agosti 1207 Mfalme John alitoa hati ya kuwakaribisha watu wajenge pale. Alitaka bandari ya kuvukia kwenda Ireland bila kupitia Chester, ambako mwenyeji wake, Mwinyi wa Chester, alikuwa na nguvu nyingi mno kwa ladha ya mfalme. Zikapimwa barabara saba, na mji ukaanza.

Angalia miaka hiyo vizuri. Jina limeutangulia mji. Lilipoandikwa miaka ya 1190 hapakuwa na mji wa kuitwa hivyo, ila vibanda vichache na maji. Kwa hiyo lilikuwa jina la maji, na swali la haki ni: maji hayo yalikuwaje?

Yalikuwa hori, yaani mkono wa maji ulioingia nchi kavu kutoka mto Mersey. Wenyeji waliliita tu the Pool. Neno pool limetufanya waswahili tufikirie bwawa la kuogelea au dimbwi la bata, lakini Kiingereza cha kale pol lilitumika pia kwa hori la namna hii, linalojaa na kupwa pamoja na bahari. Hori hilo lilipita mahali ambapo leo pana barabara za Paradise Street na Whitechapel, na upande wa juu lilipokea vijito kutoka kwenye kinamasi kilichoitwa Moss Lake. Mtu wa Mombasa aliyewahi kusimama kando ya hori la Tudor maji yakiwa yamepwa hahitaji maelezo zaidi: tope jeusi linalong'aa, vyombo vimelala ubavu, na ile harufu. Sasa kumbuka kwamba Mombasa bamvua ni kiasi cha mita 3 hadi 4, na huko Mersey hufikia karibu mita 10. Mara mbili kila siku hori lilijaa pomoni, likamwagika lote, likaacha tope lake.

Tope hilo ndilo lililoleta kitu ambacho Liverpool inajivunia hadi leo. Meli zilikuwa zikikwama au zikisubiri maji, mzigo ukipakuliwa kwa mashua. Mhandisi Thomas Steers akaziba mdomo wa hori kwa kuta na malango, maji yakafungiwa ndani yakawa yanakaa kimo kimoja hata bahari ikipwa. Gati hilo, linaloitwa Old Dock, lilifunguliwa mwaka 1715, na linahesabiwa kuwa gati la kwanza duniani la biashara la aina hiyo, lenye maji yaliyozungushiwa kuta. Utajiri uliofuata haukuwa msafi, kwani kufikia mwisho wa karne ya 18 meli za Liverpool ndizo zilizotangulia Uingereza nzima katika kusafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Gati lilifukiwa mwaka 1826, likasahauliwa, kuta zake zikafukuliwa mwaka 2001 wakati wa matayarisho ya kujenga maduka ya Liverpool ONE. Leo watu hununua viatu juu ya lile hori lililoupa mji jina, na wanaotaka huteremshwa chini na kiongozi wa makumbusho kuziona kuta.

Kwa hiyo kipimo cha ardhi kiko mkononi. Tuwapitishe wagombea.

Ndege dhidi ya maji mazito

Hadithi ya ndege inasema hivi: palikuwa na ndege aitwaye liver, akiishi kando ya hori, na hori likaitwa kwa jina lake. Ni hadithi nzuri ya kuuzia vikombe na fulana. Shida yake ni kwamba ndege huyo hayupo. Hajawahi kuwepo porini, na jina lake limetoka kwa mji, si mji uliotoka kwake.

Ukifuata muhuri wa mji utaona mambo yalivyokwenda. Muhuri wa zama za kati ulikuwa na ndege mwenye kitawi mdomoni, na wanahistoria wengi humtambua kuwa tai wa Mtakatifu Yohana Mwinjilisti, heshima kwa Mfalme John aliyebeba jina la mtakatifu huyo. Mwaka 1644, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Mwanamfalme Rupert, jemadari wa upande wa mfalme, aliuzingira mji na kuuteka, na muhuri ukapotea katika vurugu. Muhuri mpya ulichongwa mwaka 1655, na fundi, kwa kutojua au kwa kutojali, akachonga kitu kinachofanana zaidi na mnandi, yule ndege mweusi mvuvi anayekausha mbawa zake juu ya mawe pwani. Mwaka 1668 Mwinyi wa Derby aliupa mji rungu la fedha la sherehe, na katika maelezo yake ndege anaitwa leaver. Hesabu mwenyewe: hapo ni karibu miaka 480 tangu jina Liuerpul liandikwe. Mwaka 1797 mji ulipopewa nembo rasmi, ndege alitajwa wazi kuwa mnandi, na mdomoni akawekewa mwani. Aina ya mwani huo huitwa laver. Yaani waliotunga nembo walikuwa wakicheza na jina ambalo tayari lilikuwa zee.

Kuna ushahidi mwingine unaousikia kwa masikio. Mji unatamkwa Livapul, ndege anatamkwa laiva. Laiti mji ungerithi jina kutoka kwa ndege, ungetarajia sauti zilingane. Jengo maarufu la Royal Liver Building la mwaka 1911 nalo linatamkwa laiva, na juu ya minara yake wamekaa ndege wawili wa shaba, kila mmoja zaidi ya mita 5 kwa kimo. Aliyewabuni, Carl Bernard Bartels, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Waingereza wakamtia kizuizini huku ndege wake wakiendelea kuulinda mji. Wenyeji husema ndege hao wakiruka na kuondoka, Liverpool itakwisha. Watu wanaosema hivyo hawatanii sana.

Kwa hiyo ukichagua ndege, jua umechagua nini. Umechagua alama ya mji, na hapo hana mpinzani. Alianza tai, akawa mnandi, akafika Kariakoo akawa jogoo. Lakini kama maana ya jina, ndege anaanguka kipimo cha umri, na kinachobaki kwake ni rangi tu.

Maji mazito, kwa upande wake, yanapita kote. Neno lenyewe ni lifer, la Kiingereza cha kale, ambalo wataalamu wa majina ya mahali hulieleza kuwa hapa lina maana ya kitu kizito, kilichoganda, maji yenye tope. Lilikuwepo kabla ya 1190. Linaingia katika Liuerpul herufi kwa herufi, bila kulazimisha chochote. Na ardhi nimekwisha kuieleza.

Hapo ndipo ini linaporudi

Msomaji makini atakuwa ameshanishika: lifer si ndilo hilohilo liver, ini? Ndilo. Kiingereza cha kale kiliita ini lifer. Na hapa ndipo dhihaka ya kijiweni inapopata heshima isiyoitarajia.

Hakuna aliyetupa maini ya ng'ombe horini, na atakayekuambia hivyo anakutungia. Lakini katika lugha za jamii moja na Kiingereza, ini na kuganda vimekuwa vikishikana. Wajerumani wa zama za kati walisimulia habari za bahari iliyoitwa Lebermeer, ambayo maji yake yalikuwa mazito kiasi cha kunasa meli zisiende mbele wala nyuma. Leber kwa Kijerumani ni ini hadi leo, meer ni bahari. Neno kwa neno unapata Bahari ya Ini, lakini msikilizaji wa wakati ule alielewa bahari iliyoganda. Lahaja za Kiingereza nazo zilikuwa na livered kwa kitu kilichoganda. Ukilitazama ini buchani kabla halijakatwa, jinsi linavyoteleza, lilivyokoza rangi na linavyotikisika bila kumwagika, huoni ajabu kwa nini mtu aliyesimama kando ya tope la Mersey alilikumbuka neno hilo.

Basi tofauti kati ya Bwawa la Maini na jibu la wataalamu ni ndogo kuliko inavyoonekana. Anayesema Bwawa la Maini amekosea kiungo cha mwili na umbo la maji: si maini ya kukaanga, na si bwawa bali hori. Lakini amezishika nguzo zote mbili za jina, lifer na pol. Anayesema Majogoo hakushika hata moja.

Mpinzani wa kweli: matete

Kama kuna maelezo yanayoweza kuyasumbua maji mazito, ni haya, na ni ajabu yanavyotajwa kwa nadra. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lingine, lǣfer, kwa matete na majani marefu ya majimaji. Si neno la kubuni. Bolton na kando yake, katika Lancashire ya zamani ambamo Liverpool nayo ilikuwemo, pana maeneo yanayoitwa Great Lever na Little Lever, na jina hilo huelezwa kuwa ni mahali pa matete. Baadhi ya maandishi ya baadaye yanaiandika Liverpool kwa e, kama Leverpol. Na ule upande wa juu wa hori, uliopokea maji baridi kutoka kinamasi cha Moss Lake, ungeweza kabisa kuota matete.

Kinachoniondoa hapo ni ile tahajia ya kwanza. Liuerpul ina i, na i hiyo inakaa vizuri na lifer kuliko na lǣfer yenye irabu ndefu ya sauti nyingine. Halafu mtu hulipa hori jina kwa kitu anachokiona kwanza, na aliyekuja kwa mashua kutoka Mersey alikutana na tope kabla ya kufika kwenye matete, kama yalikuwepo. Ukiniuliza kwa ubishi wa kistaarabu, nitakubali kukaa meza moja na mtu wa matete. Wa ndege hapana.

Wanaopita haraka

Mikunga: hudaiwa kwamba jina lilikuwa Elverpool, kutokana na elver, vifaranga vya mkunga. Neno elver limeanza kuonekana katika maandishi karne ya 17. Limechelewa kwa zaidi ya miaka 400.

Kiwelisi: Wales iko jirani, na Wawelisi walihamia Liverpool kwa wingi hasa karne ya 19, hivyo wazo si la kipuuzi. Wanaunganisha llif, mafuriko, na pwll, dimbwi. Lakini ile r ya Liuerpul imetoka wapi? Lerpwl, jina ambalo Wawelisi wenyewe hutumia leo, ni Liverpool ya Kiingereza iliyolainishwa kwa ulimi wao.

Uhai: Carl Jung, mtaalamu wa nafsi kutoka Uswisi, mwaka 1927 aliota yuko Liverpool, usiku, mvua, masizi kila mahali, na katikati ya mji pana dimbwi lenye kisiwa na mti unaong'aa. Akaitafsiri Liverpool kuwa dimbwi la uhai, kwa kuwa ini lilihesabiwa zamani kuwa makao ya uhai. Hakuwahi kukanyaga Liverpool maishani mwake. Mji umemlipa fadhila kwa kumwekea sanamu barabara ya Mathew Street, na ni haki yake, ila ndoto haiingii katika kipimo cha tahajia.

Uchukue lipi, kwa kazi ipi

Mtunga maswali ya chemshabongo achukue maji mazito na aandike jibu kwa upana: hori, dimbwi au bwawa lenye maji mazito au ya tope. Ukiandika bwawa la tope peke yake, kuna atakayejibu hori lililoganda, umnyime alama, na ugomvi uanze. Matete nisingeyakataa kabisa kama mshindani ataweza kulitaja neno lake. Mikunga na ndege ningeyakata bila kusita.

Mwalimu au mzazi naye aanze na hori, kisha ndege. Mtoto ataanza kwa kukataa, kwa sababu ndege anaonekana na tope halionekani. Mwonyeshe miaka: 1190 kwa jina, 1668 kwa ndege anayeitwa leaver. Mtoto wa darasa la tano anaijua kutoa.

Mtangazaji na mwandishi wa michezo wana uhuru zaidi. Majogoo ni jina la utani lililokwisha kukubalika, lina mdundo, na hakuna anayelitumia kwa somo la historia. Liache liendelee. Ila ukiandika makala yenye sentensi inayoanza na “jina Liverpool linatokana na...”, usiimalizie kwa ndege. Nimekutana na sentensi hiyo mara nyingi mno mitandaoni, ikinakiliwa kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kama hati ya kiwanja cha kugushi.

Mfasiri anayehitaji kuonyesha maana ndani ya matini, ningemshauri aandike Hori la Tope. Bwawa linampeleka msomaji bara, kwenye maji yaliyotulia, wakati jambo zima la mahali pale lilikuwa kujaa na kupwa. Maji Mazito ni sahihi zaidi kwa neno la kwanza, lakini kwa masikio ya leo yanasikika kama habari za kiwanda cha nyuklia.

Na shabiki wa Liverpool aliyechoshwa na maini, asikimbilie majogoo kujitetea. Ageukie majirani. Everton, klabu kongwe kuliko yake, ambayo mwaka 1892 iliondoka uwanja wa Anfield kwa ugomvi uliozaa Liverpool FC, imebeba jina la kitongoji kinachoelezwa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale, eofor na tun. La kwanza ni nguruwe mwitu, la pili ni shamba au makazi. Ndio haohao waliotua Dar es Salaam Julai 2017 na kuifunga Gor Mahia 2-1, Wayne Rooney akipachika bao la kwanza, na uwanja mzima ukawashangilia bila mtu hata mmoja kuwaita Zizi la Nguruwe.